Soma ya Filimone

Esia, 'Eua
18 Aprili 1982

Mdogo wangu Filimone,

Leo ni tarehe kumi na nane Aprili, na ni miaka thelathini na mitano na miezi minne tangu meli ilipotutoa kisiwani kwetu Niuafo'ou, mlima wa moto ukituwakia mgongoni, ikatuleta huku 'Eua, tukakipa kijiji kipya jina lilelile la Esia. Wewe ulirudi baada ya miaka kumi na miwili. Mimi bado nahesabu.

Namshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii, kama inavyopasa kuanza. Sasa habari yenyewe. Lesieli amefariki. Kimbunga cha Machi kiliondoka na paa letu, tukalala wiki tatu chini ya turubai, mvua ikiingia ubavuni, na kifua cha mke wangu hakikuvumilia. Tumemzika kwenye mteremko nyuma ya kanisa, au niseme nyuma ya mahali kanisa lilipokuwa. Tumemmwagia mchanga mweupe, na wajukuu wanaendelea kuokota kokoto nyeusi za kupangia. Boriti ya kati ya kanisa iliiangukia ngoma ya baba, lile gogo la kuchonga nililolibeba mgongoni siku ya kuhama wenzangu walipobeba mikeka na masufuria. Imepasuka vipande viwili. Tangu hapo hatuna cha kuwaitia watu kwenye sala ya alfajiri. Wanakuja kwa kukisia.

Hayo ni majonzi, na majonzi nayajua. Kuna jingine.

Siku mbili kabla hajaondoka nilikaa kando yake nikamwombea. Unazijua sala zangu. Nilianza na utukufu wa Mungu, nikapita kwa manabii, nikashukia kwenye uponyaji. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Asante, mzee wangu. Sasa soma ya Filimone."

Alikuwa na maana ya barua yako ya mwaka jana, uliyoiandika ardhi ilipowatikisa huko siku tatu mfululizo. Niliipekua kwenye nguo zilizoloa, nikasoma pale ulipoandika jinsi unavyosali: "Bwana, sisi hatuoni. Wewe unaona. Inatosha kwa leo." Uso wake ukalegea kama wa mtoto aliyeshiba. "Rudia," akasema. Nikarudia. Nilirudia mpaka nikalichukia kila neno.

Sala gani hiyo, Filimone? Fupi kama ya mtu anayewahi chakula kisipoe. Hakuna toba, hakuna shukrani, hata Amina hakuna! Ningekuwa bado darasani ningeipiga mstari mwekundu. Lakini kila atokaye kwenu hana jina jingine mdomoni. Filimone aliimba nyumba ikicheza. Filimone alikaa kibarazani anamenya viazi vikuu, wengine wakikimbilia ziwani. Mchungaji Kalolo amekutaja katika mahubiri mara mbili, mimi nimeketi kiti cha mbele, mzee wa kanisa, niliyekufundisha kusoma. Wewe, uliyefukuzwa chuoni kwa pombe ya machungwa!

Niambie umeutoa wapi utulivu huo. Siulizi kwa upole. Mimi nikifungua kinywa kusali nasikia sauti yangu tu, kama mtu anayeongea ndani ya tangi tupu. Kila alfajiri watu wananingoja niwaongoze, nami najifanya nimeshikwa na kikohozi, namwachia mwingine. Ulicho nacho wewe nakitaka.

Kaka yako,
Lisiate


Esia, Niuafo'ou
19 Juni 1982

Kaka,

Barua yako ilifika ndani ya kopo lililotupwa kutoka melini, imetapakaa maji ya chumvi, maana bahari haikutaka mtu atue siku hiyo. Nimelia, kaka. Nimevaa mkeka wa msiba, ule mkubwa uliochakaa kuliko yote, unanifika kwapani. Dada Seini anasema natembea kama kobe aliyefiwa. Lesieli alikuwa shemeji wa namna yake. Ni mara ngapi alinificha jikoni nikitoka ulevini, baba akipita na fimbo? Alinifunika majani ya migomba akasema, "Usipumue, mlevi wee." Nani atanificha sasa?

Kuhusu sala ile, usiichukie. Si kitu changu cha kujivunia. Tutaiongea siku moja tukiwa tumekaa.

Njoo nyumbani, kaka. Ziwa liko palepale. Ndege wetu malau bado wanafukia mayai yao kwenye mchanga wa moto na kwenda zao, bila kuatamia, bila kugeuka nyuma, na vifaranga bado vinajichimbua vyenyewe. Kila nikiwaona nakukumbuka, ulivyokuwa ukitukataza kuchukua yote. Chumba cha upande wa upepo hakina mtu.

Nakutumia ngoma. Ni gogo la mti wa mtondoo, niliichonga mwaka ule tuliporudi. Ilikuwa imekaa tu. Mtumbwi ulikuwa umejaa magunia ya mbata, kwa hiyo ngoma tuliifunga kamba ikaelea nyuma mpaka melini, vijana wakiogelea kandokando wakiisukuma na kuiimbia kama bibi harusi. Mabaharia walicheka, lakini waliipandisha.

Iite Esia ya huko kwa hiyo. Nami nakuombea.

Mdogo wako,
Filimone


Esia, 'Eua
1 Agosti 1982

Mdogo wangu,

Ngoma imefika.

Wanaume sita waliipandisha kutoka gatini wakiimba kwa sauti nne. Akina mama waliivisha maua kabla hata hawajaniuliza iwekwe wapi. Mchungaji Kalolo akaigonga kwa kifundo cha kidole tu, akainamisha kichwa, akasema, "Ah! Hii sasa ndiyo sauti." Siku hiyohiyo ngoma ya baba ikapata jina jipya. Wanaiita "ile ya zamani." Jirani yangu Vaha'i, anayejua panaponiuma, akaniambia mbele za watu, "Mzee Lisiate, ndugu yako hata akiwa mbali anakuamsha usingizini!" Wakacheka wote, nami nikacheka, kwa maana ningefanya nini?

Nimeiweka jikoni kwangu nimeifunika mkeka. Nimewaambia mti umevimba kwa maji ya bahari, unahitaji kukauka polepole kivulini. Wananiamini. Usiniulize itakauka lini.

Najua kwa nini uliileta. Mtu mwenye ngoma mbili humpa mwenzake moja, na jina lake hupigwa kila alfajiri katika kijiji cha mwenzake. Ningekuwa mimi na ziada kama hiyo, labda ningefanya vilevile.

Nimewaza sana tangu Lesieli aondoke, na sasa nimefika mahali. Utulivu huo si wako, Filimone. Ni wa pale. Ni wa ziwa, ni wa makaburi ya wazee, ni wa ardhi ile yenye joto chini. Mwaka wa hamsini na nane nilibaki huku kwa sababu shule haikuwa na mwalimu mwingine, na watoto wangu na Lesieli walikuwa wadogo. Wewe hukuwa na lolote la kukushika, ukapanda meli, ukaenda kukaa juu ya urithi ambao mkubwa alikuwa hajauchukua. Basi nauchukua. Nakuja kwa meli ya Desemba. Niandalie hicho chumba cha upande wa upepo. Na sala za alfajiri nitaongoza mimi.

Kaka yako,
Lisiate


Esia, Niuafo'ou
2 Septemba 1982

Kaka,

Karibu. Nyumba ni yako, na chumba dada ameshakifagia.

Lakini nakusihi usije kwa ajili hiyo uliyoandika. Ukija kutafuta kitu mfukoni mwangu hutakikuta, na utanichukia tukiwa karibu badala ya kunichukia tukiwa mbali, na hilo mimi sitaliweza. Kuna jambo dada anataka nikuandikie. Nimechukua kalamu mara kadhaa na kuiweka. Mimi ni mwoga, kaka, hata kama huko mnasikia mengine.

Ngoma inalia vizuri?

Filimone


Esia, 'Eua
25 Septemba 1982

Dada Seini,

Najua si desturi ndugu wa kiume kumwandikia dada yake mambo ya moyoni. Tumekua hatulali chini ya paa moja, hatutaniani, na ukiingia mimi natoka, ingawa wewe na Filimone mila hiyo mmeilegeza uzeeni. Mpaka leo sijapata kukutazama machoni muda wa kutosha kujua yana rangi gani. Lakini karatasi haina macho, na wewe ndiye mkubwa wetu sote, ambaye neno lake hatulipingi. Kwa hiyo naleta mashtaka kwako.

Mdogo wetu ananizuia kurudi. Anaandika "karibu" kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anashika mlango. Nimesoma barua yake mpaka imepasuka kwenye mikunjo. Nasema anaogopa. Anajua nikifika, watu wataona nani ni mkubwa na nani alikuwa akikaa tu kwenye kiti.

Dada, tangu Machi sijasali. Nimeinamisha kichwa na wenzangu, nimesema Amina, nimeimba sauti ya besi bila kukosea. Lakini kusali, hapana. Nikienda kaburini nazungumza na mchanga. Nikirudi nyumbani nasikia turubai likipigwapigwa na upepo na nawaza habari za Filimone anayemenya viazi. Siku nyingine namwaza yeye kuliko ninavyomwaza marehemu, na hilo linaniaibisha kuliko yote.

Tazama mwenyewe. Yeye ana kisiwa. Ana wewe, ambaye kwa haki ungekaa karibu nami. Ana ngoma mbili. Ana amani ambayo wageni wanaisimulia kama habari ya muujiza. Na mwishoni alikuwa hata na masikio ya mke wangu. "Soma ya Filimone." Mimi nina nini?

Hukumu wewe.

Ndugu yako,
Lisiate


Esia, Niuafo'ou
30 Oktoba 1982

Lisiate,

Kwa mtu aliyefundisha hesabu miaka yote hiyo, hesabu zako ni mbovu.

Ngoma mbili! Nani kakwambia tuna ngoma mbili? Ile iliyoko jikoni kwako, na usifikiri hatujui iko jikoni, ndiyo ilikuwa ngoma ya kanisa hili. Ilikuwa moja. Tangu Juni tunaitwa kwa kombe la bahari. Anayepuliza ni mzee Kitione, ambaye hana meno ya mbele, na badala ya sauti inatoka kitu kama nguruwe anayeota ndoto mbaya. Watoto wanaanguka kwa kicheko kanisani. Nusu ya watu wanachelewa. Filimone alituita akasema, "Kaka amefiwa na hana ngoma. Sisi tuna masikio, tutasikia hata kombe." Watu wakanuna siku mbili, kisha wakaichukua wenyewe mpaka majini. Akatukataza tusikwambie.

Hilo la kwanza. La pili yeye kashindwa kuliandika, basi naliandika mimi, na kwa mdomo nisingelisema maishani.

Unaikumbuka meli? Asubuhi ile, tuko sitahani sote, bahari imechafuka. Kisiwa kilikuwa kimebaki moshi tu, kisha hata moshi ukazama. Wazee wakaanza kulia kama watoto. Mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa amelala chali, hajiwezi kwa kichefuchefu. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimekupa mgongo kama inavyopasa, lakini masikio hayana adabu. Mtu mmoja akashika chuma cha pembeni, akainuka, akasema kwa sauti, "Bwana, hatukioni kisiwa chetu tena. Wewe unakiona. Inatosha kwa leo."

Ulikuwa wewe, Lisiate.

Hukusema Amina. Ulitapika. Ndiyo maana sala ile haina Amina mpaka leo, mwalimu. Piga mstari mwekundu basi.

Lakini kilio kilikoma. Kuanzia kwetu wanawake mpaka mbele kabisa, watu wakanyamaza, na mtu mmoja akaanzisha wimbo. Filimone alikuwa miguuni pako, amelewa tangu jana yake. Anasema ndiyo siku aliyoamini kwamba Mungu yupo na kwamba anasikia. Ameniambia si mara moja, "Dada, mimi sina imani yangu. Nina ile ya kaka, naitumia." Kila ardhi ikitikisika anaitoa, anaisema, mikono yake inatetemeka chini ya meza, mimi naiona. Viazi anavimenya ili mikono ipate kazi. Watu wanamsifu, naye ananyamaza kwa sababu sifa ni tamu na yeye ni mwanadamu. Amekuonea wivu tangu sitahani pale. Anasema wewe ulisimama bila kuazima kwa mtu. Hataki uje umkute alivyo. Hicho ndicho anachoogopa. Kiti hakitaki.

Sasa Lesieli. Lesieli alikuwa sitahani, ameshika shati lako kwa nyuma usije ukatupwa na wimbi. Alisikia kuliko sisi wote. Alipokwambia "soma ya Filimone," unadhani hakujua ni maneno ya nani? Alitaka kuyasikia tena kwa sauti ileile. Ndiyo maana alisema rudia.

Ukitaka kuja, njoo, chumba kimefagiliwa. Ukija kumnyang'anya mdogo wako kitu ulichompa mwenyewe, kaa hukohuko.

Na kwa kuwa umenipa hukumu, hukumu ni hii: ondoa mkeka juu ya ngoma yetu.

Seini


Esia, 'Eua
10 Desemba 1982

Mdogo wangu Filimone,

Ngoma inalia vizuri. Uliniuliza Septemba, samahani kwa kuchelewa. Inalia vizuri kuliko ya baba. Nimeandika hivyo mara moja, usitegemee nirudie.

Barua ya dada niliisoma nimekaa kaburini. Kwanza nilikasirika, nikasema anatunga ili anipatanishe na wewe. Nikakaa nikijaribu kuikumbuka asubuhi ile. Chuma cha pembeni nakikumbuka, kilikuwa baridi na rangi yake ilibanduka ikabaki kiganjani. Kutapika nakumbuka. Mkono uliovuta shati langu nakumbuka, nikadhani limenasa mahali. Maneno siyakumbuki kabisa. Ninachojua ni kwamba kifuani hamkuwa na kitu. Hofu yenyewe ilikuwa imeniisha. Nilikuwa mtupu kama nilivyo mtupu mwaka huu, na kumbe ndipo niliposema kitu ambacho watu wawili niwapendao wamekila mpaka leo.

Sasa simwonei wivu yule Filimone wa kwenye hadithi za wageni. Namwonea wivu yule kijana wa sitahani, asiyejua alichokuwa akisema. Na wewe pia bado, kidogo, kwa sababu ya ziwa, na kwa sababu dada anakuona ukitetemeka. Mimi nimetetemeka mwaka mzima na hakuna aliyenitazama mikono.

Jumapili iliyopita niliondoa mkeka. Nilimwita Vaha'i tuitoe pamoja. Akaipapasa akasema, "Imekauka lini, mzee? Mbona mimi naona ilikuwa kavu tangu Agosti?" Nikamwambia, "Beba, acha maswali." Nikapiga alfajiri mwenyewe. Sauti ilishuka mpaka gatini, ikagonga mwamba, ikarudi. Watu wakatoka kwenye maturubai yao mmoja mmoja, wengine bado wanajifunga mikeka kiunoni. Wakaningoja. Sikukohoa.

Nikasema, "Bwana, simwoni Lesieli tena. Wewe unamwona. Inatosha kwa leo."

Nikakaa. Sikusikia joto lolote, Filimone, nikuambie ukweli. Sauti ilikuwa yangu tu, kama siku zote. Lakini waliokuwa wameanza kulia niliposema jina lake walinyamaza, na mmoja akaanzisha wimbo, nikashika besi, na safari hii nilikosea mahali pawili kwa sababu nilikuwa nalia mimi. Kesho yake nikapiga tena. Na leo.

Tulipotoka, mke wa Vaha'i akanishika mkono. "Sala nzuri, mzee Lisiate. Fupi. Umeipata kwa ndugu yako Filimone, eti?"

Nikasema ndiyo.

Usiwasahihishe huko kwenu, nami sitawasahihisha hapa. Ulisimama nayo ardhi ikitikisika, miaka yote hii, wakati mimi nilikuwa nimeitapika baharini nikaisahau. Ni yako pia. Mikono ikitetemeka iache itetemeke juu ya meza, watu waione. Labda wapo wengine wanaoficha ya kwao.

Vipande viwili vya ngoma ya baba nimevibana kwa kamba ya makumbi, nikavipaka mafuta. Sauti yake ni ya mzee mwenye mafua, lakini itampumzisha Kitione. Nayo imetamani kwao kuliko mimi. Nimeipakia kwenye meli leo asubuhi, na nimemwomba nahodha asiiburute majini kama mlivyofanya ile nyingine, maana kamba itajaa chumvi.

Mwambie dada nimetii. Mwambie pia kwamba chumba cha upande wa upepo akipe mtu anayekihitaji. Kaburi hili linataka mchanga mpya kila Desemba, na kila alfajiri lazima awepo mtu wa kupiga ngoma. Meli inaondoka kesho. Ngoma ya baba itakuwa ndani yake. Mimi sitakuwemo.

Sitarudi Niuafo'ou.

Kaka yako,
Lisiate